Pungate na Dragoni: Matunda ya Dungusi Yasiyovundikwa

Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam na mitaa inayolizunguka vimezoea matunda yanayomsubiri mnunuzi. Ndizi hushushwa zikiwa mbichi na kuvundikwa, maembe hufunikwa kwa magunia mpaka yalainike, parachichi huuzwa likiwa gumu pamoja na maelekezo ya kulichimbia ndani ya unga kwa siku 2 au 3, na kwa jumla biashara ya matunda kati ya shamba na mlaji imesimama juu ya jambo hilo moja, kwamba tunda lililochumwa huendelea kuiva. Matunda ya dungusi hayaifuati kanuni hiyo. Likishakatwa kwenye mmea wake, tunda la dungusi haliongezi utamu tena. Linaweza kulainika, kubadilika rangi kidogo na hatimaye kuoza, lakini sukari iliyokuwamo siku ya kuchumwa ndiyo hiyo hiyo itakayoliwa, na kwa sababu hiyo sifa au lawama inayomwendea muuzaji wa mjini kwa kawaida ingestahili kumfuata mkulima.

Dungusi, ambalo wengine huliita kaktasi, ni jina la jumla la mimea yenye shina nono linalohifadhi maji, ambayo majani yake kwa sehemu kubwa yamegeuka kuwa miiba, na miiba hiyo huota kwa mafungu kutoka katika vidoa vidogo vilivyotapakaa juu ya shina. Familia hii yote asili yake ni mabara ya Amerika, na mmea mmoja tu ndio unaoota kiasili nje ya huko pia, Rhipsalis baccifera, unaoning'inia kwenye matawi ya miti ya misitu yenye unyevu kama ile ya milima ya Usambara na kuzaa vijitunda vyeupe mfano wa shanga. Namna ulivyoufikia upande huu wa bahari bado ni mada ya mjadala miongoni mwa wataalamu, na wapo wanaowataja ndege. Madungusi mengine yote yanayoonekana Afrika Mashariki yaliletwa na watu. Hilo si ajabu, kwa kuwa mahindi, mihogo, nyanya, pilipili, mapapai, mapera na mananasi, yaani karibu nusu ya meza ya muuza genge, nayo yalitoka huko huko. Hata mkonge, ambao si dungusi ingawa wengi hudhani ni jamaa yake, uliingia mwaka 1893 wakati Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida na ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu. Mwaka huo huo ndipo Wajerumani walipoanzisha Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, mahali pa kujaribia mimea ya kigeni, ambayo kipande chake kingali kipo katikati ya jiji karibu na Makumbusho ya Taifa.

Madungusi mawili ndiyo yanayomhusu mla matunda wa Dar es Salaam. La kwanza ni mpungate, ule mmea wa pingili bapa kama sahani zilizopachikana, ambao tunda lake ni pungate na ambao wataalamu huuweka katika jenasi ya Opuntia. La pili ni mmea mtambaazi wenye mashina ya pembe tatu, unaozaa tunda kubwa lenye ganda la waridi na magamba ya kijani, ambalo wauzaji huliita tunda la dragoni au dragoni tu, kwa kufuata jina lililoenea duniani kutokana na Kivietnamu, lugha ambayo huliita thanh long, yaani joka la kijani. Yote mawili yasichanganywe na mnyaa wala jamaa zake wengine wenye miiba wanaopandwa kuzungushia maboma, kwani hao ni wa familia ya Euforbia, hawana tunda la kuliwa, na utomvu wao mweupe huunguza ngozi na unaweza kupofusha jicho. Njia ya haraka ya kuwatofautisha ni kuchana ncha ya shina: ikitoka maziwa, si mpungate na si mdragoni.

Pungate lina historia ndefu zaidi, na majina yake yanaisimulia vizuri. Wenyeji wa Meksiko, ambao walilima mmea huu kwa maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika na ambao leo wanauonyesha katikati ya bendera ya taifa lao ukiwa umekaliwa na tai, huuita nopali. Ulipovuka bahari, kila jamii iliyolipokea tunda hilo iliona ni tini la watu wengine: Waitaliano waliliita tini la India, Waturuki wakaliita tini la Wafaranja, yaani Wazungu, watu wa Afrika ya Kaskazini wakaliita tini la Wakristo, Makaburu wa Afrika Kusini wakaliita tini la Waturuki, na Waarabu wakaona bora walitaje kwa kile kinachomkuta mlaji kwanza, wakaliita tini la miiba. Kiswahili kimekuwa na bahati ya kulipa jina lake lenyewe lisilomsingizia mtu yeyote.

Uwezo wa mimea hii kuishi mahali pakavu hautokani tu na kuhifadhi maji ndani ya shina, bali zaidi na namna inavyovuta hewa. Mimea mingi hufungua vitundu vya ngozi yake, viitwavyo stomata, wakati wa mchana ili kuingiza kaboni dioksidi inayohitajika kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, na kupitia vitundu hivyo hivyo hupoteza maji mengi, hasa jua linapokuwa kali. Dungusi hufanya kinyume: hufunga vitundu mchana na kuvifungua usiku wakati hewa imepoa, huingiza kaboni dioksidi na kuiweka akiba katika umbo la tindikali, kisha kukicha huitumia akiba hiyo kwa mwanga wa jua bila kufungua mlango. Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa ulimi bila maabara, kwa kuwa pingili changa ya mpungate, ambayo Meksiko huliwa kama mboga, huwa na uchachu dhahiri ikikatwa alfajiri na huwa imepoa kabisa ikikatwa alasiri.

Kwa mmea wa namna hiyo, tatizo la Dar es Salaam si ukame bali ni maji. Jiji hupata wastani wa milimita 1,000 hadi 1,100 za mvua kwa mwaka, zikigawanyika kati ya masika na vuli, huku hewa ikiwa na unyevunyevu karibu mwaka mzima. Mpungate ungeridhika na nusu ya mvua hiyo, kiasi kinachopatikana Dodoma, ambako huvuka kidogo milimita 500 na ambako kati ya Mei na Novemba anga hukaa kavu. Jirani kabisa na Kariakoo pana mahali paitwapo Jangwani, ambapo jina lake lingemfaa dungusi kuliko mmea mwingine wowote, lakini hapo ndipo bonde la mto Msimbazi linapofurika mvua zikizidi hadi Barabara ya Morogoro kufungwa, na dungusi lililopandwa hapo lingeoza mizizi ndani ya wiki chache. Penye mchanga unaopitisha maji upesi, kama ulivyo ukanda wa Kigamboni, au juu ya mawe ya matumbawe ambako mazao mengine hayashiki, hali ni tofauti, na hata juu ya paa bapa la ghorofa la Kariakoo mpungate ndani ya ndoo iliyotobolewa chini unaweza kukaa miaka mingi, mradi mwenyewe asiwe na huruma ya kuumwagilia kila siku.

Mdragoni umeumbwa kwa mazingira mengine kidogo. Ingawa nao ni dungusi, asili yake ni misitu ya Amerika ya Kati, ambako huparamia miti na kujishikiza kwa mizizi ya hewani, kwa hiyo unahimili joto na unyevunyevu wa pwani kuliko mpungate, unapenda udongo wenye mboji, na jua kali la mchana, joto likipita nyuzijoto 38, huyababua mashina yake yakageuka manjano. Kwa maneno mengine, tunda linalotangazwa kuwa zao la nchi kame ni zao la pwani lenye subira ya ukame; mkulima wa Singida anayelipanda kwa kuamini kwamba halihitaji maji atapata mashina bila matunda ya maana, wakati yule wa Mkuranga au Bagamoyo yuko karibu zaidi na kwao.

Kilimo chake kinaanza na nguzo. Kwa kuwa mmea hauwezi kujisimamisha, husimikwa nguzo ya zege au ya mti mgumu yenye urefu wa kati ya mita 1.5 na 2 juu ya ardhi, juu yake huwekwa duara, ambalo mara nyingi ni tairi chakavu lililopitishiwa nondo, na chini yake huchomekwa pingili 4, moja kila upande. Pingili, kama ile ya mhogo, ni kipande cha shina lililokomaa, lakini tofauti na mhogo haipandwi siku hiyo hiyo. Huachwa kivulini mpaka jeraha lake likauke na kufunga, kwani ikizikwa mbichi huoza. Shina huelekezwa kupanda nguzo bila matawi ya pembeni, likifika kwenye tairi hukatwa ncha ili litoe matawi mengi yanayomwagika kuelekea chini kama mwavuli, na ni matawi hayo yanayoning'inia ndiyo yanayozaa. Nguzo zikiachiana mita 3 kila upande, ekari moja hubeba takribani 450, na gharama yake ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa sababu zege na nondo hulipiwa mwaka wa kwanza wakati mavuno ya kwanza huja baada ya mwaka 1 hadi 2, na yale ya kutosha baadaye zaidi.

Ua lake ni kitu cha kukesha. Huanza kufunguka jua likishazama, likafikia upana wake wote, ambao unaweza kuzidi sentimita 25, kati ya saa 4 na saa 6 usiku, likatoa harufu nzito ya kuwaita popo na nondo wakubwa, yaani vipepeo wa usiku, kisha asubuhi jua likipanda linakuwa limenyauka na halifunguki tena. Aina ya nyama nyeupe kwa kawaida hujirutubisha yenyewe, lakini aina nyingi za nyama nyekundu hazikubali chavua yake yenyewe, zinataka ya jirani wa aina nyingine, na penye uhaba wa popo na nondo mkulima hulazimika kuingia shambani na tochi na brashi laini, akichukua chavua kwenye ua moja na kuipaka kwenye jingine. Nchini Vietnam, ambako Wafaransa walilipeleka tunda hili katika karne ya 19, wakulima huwasha taa mashambani usiku ili kuudanganya mmea kwamba siku ni ndefu, kwa kuwa ni urefu wa siku unaouchochea kuchanua. Dar es Salaam, iliyo karibu na ikweta kiasi kwamba siku yake ndefu kabisa na fupi kabisa hazitofautiani hata kwa saa moja, haina msukumo mkubwa wa namna hiyo, ingawa maua hujitokeza zaidi katika miezi ya joto ya kuelekea na baada ya mwaka mpya. Kutoka ua hadi tunda bivu ni siku 30 hadi 35 hivi.

Hapo ndipo suala la kutovundikwa linapochukua uzito. Ganda la dragoni hubadilika kutoka kijani hadi waridi ndani ya siku chache tu, na mkulima mwenye haraka, au anayeogopa ndege na wezi, huchuma siku ile rangi inapokamilika, ilhali sukari bado inaendelea kuingia. Akisubiri siku 4 hadi 6 zaidi, tunda lile lile huwa tamu kwa kiasi ambacho hakihitaji chombo kukitambua. Walio na chombo hutumia refraktomita, kijidarubini ambacho tone la maji ya tunda huwekwa juu ya kioo chake na kusomwa katika kipimo cha Briksi, ambacho kwa lugha rahisi ni gramu za sukari katika kila gramu 100 za maji hayo. Dragoni nyeupe iliyochumwa mapema inaweza kusoma chini ya 10, na hiyo ndiyo inayowafanya watu waseme wamelipia rangi. Iliyokomaa husoma 12 hadi 14, na nyekundu nzuri huvuka hapo. Hata ndani ya tunda moja utamu haulingani, kwani kitovu chake huwa kitamu kuliko pembeni karibu na ganda, na kwa sababu hiyo kulikata kwa urefu, ili kila kipande kipate sehemu ya katikati, ni haki zaidi kwa walaji kuliko kulikata kwa duara.

Ladha yenyewe haina kelele. Mtu aliyelelewa kwa embe dodo, fenesi na nanasi atakapoonja dragoni kwa mara ya kwanza huenda akasema haina kitu, kwa kuwa anatafuta uchachu na harufu ambavyo tunda hili halina. Linachotoa ni ubaridi, utamu mwepesi unaokaribia tikiti maji, na mbegu nyeusi ndogo kama ufuta zinazopasuka chini ya jino na kuacha dokezo la mafuta. Likiliwa lenye joto la barabarani hupoteza nusu ya thamani yake. Likipozwa, likakamuliwa ndimu na, kwa desturi ile ile ya embe bichi linalouzwa mitaani, likanyunyizwa chumvi na pilipili kidogo, huamka, na huenda huu ndio ulaji ambao watu wa Dar es Salaam watauzoea kabla ya ule wa kwenye picha za hotelini.

Pungate lina nguvu zaidi, na kwa maoni ya makala haya ndilo tunda bora kati ya mawili, ingawa halina anayelitangaza. Lina ukubwa wa yai la bata au zaidi kidogo, ganda la kijani, manjano, chungwa au zambarau kutegemea aina, na nyama ya majimaji yenye harufu inayokumbusha tango na tikiti kwa pamoja, yenye sukari ya Briksi 12 hadi 15. Rangi yake, kama ile ya dragoni nyekundu, hutokana na kemikali zinazoitwa betalaini, zile zile za viazisukari vyekundu vinavyotiwa kwenye saladi, na mtu anayekula matunda hayo mengi anaweza kushtuka siku ya pili akienda haja ndogo, ingawa hakuna dhara lolote. Vikwazo ni viwili: mbegu zake ni ngumu na humezwa bila kutafunwa, kiasi kwamba anayekula mapungate mengi kwa mkupuo mmoja anaweza kufunga choo vibaya, na juu ya ganda kuna vijiwiba visivyoonekana vizuri kwa jicho, vilivyokaa kwa mafungu, vyenye ndoana ndogo kwenye ncha, ambavyo huingia kwenye vidole na midomo na kuwasha kama upupu kwa siku kadhaa.

Vijiwiba hivyo haviondolewi kwa kidole wala kwa kitambaa cha jikoni, ambacho kitavihifadhi kwa ajili ya mtu mwingine. Wanaolijua tunda hili huliviringisha kwenye mchanga au majani makavu, au hulisugua kwa ufagio wa chelewa ndani ya maji, au hulipitisha juu ya moto mpaka visikike vikipasuka. Kisha hulishika kwa uma, hulikata ncha zote mbili, hulichana ganda mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na kulifungua ganda kwa pande zote mbili kama mtu anayevua koti, na nyama hubaki katikati ikiwa safi. Zipo aina za mpungate zisizo na miiba mikubwa, ambazo Mmarekani Luther Burbank alizitangaza sana mwanzoni mwa karne ya 20 na ambazo Afrika Kusini iliziagiza kwa ajili ya mifugo, lakini hata hizo matunda yake hubaki na vijiwiba vidogo, na mbegu zake zikiota zinaweza kutoa mipungate yenye miiba kama ya mababu.

Mahali ambapo Afrika Mashariki imelipa pungate heshima yake ni nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia na Eritrea. Huko huitwa beles, mmea wake ulifika Tigray katikati ya karne ya 19, na matunda huiva wakati wa mvua za Juni hadi Septemba, msimu ambao ghala za nafaka huwa zimekwisha na mavuno mapya bado hayajafika. Familia nyingi maskini huvuka miezi hiyo kwa beles, na watoto huuza matunda kando ya barabara yakiwa yamekwisha menywa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliletwa huko mdudu wa kochinila, anayefyonza mpungate na ambaye mwili wake uliokaushwa hutoa rangi nyekundu ya thamani inayotiwa kwenye vyakula na vipodozi, kwa matumaini ya kupata zao la kuuza nje, lakini mdudu alitoka nje ya mashamba yaliyokusudiwa na kuangamiza maelfu ya hekta za mipungate ya wananchi. Kisa hicho kilikuwa na ndugu yake mkubwa kusini mwa Madagaska, ambako mwaka 1924 watawala wa Kifaransa waliachia mdudu wa jamii hiyo hiyo dhidi ya mipungate ambayo Waantandroy waliitegemea kwa chakula, maji ya ng'ombe na maboma, na ndani ya miaka michache mimea ilikauka, mifugo ikafa kwa wingi na njaa ikaingia.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa upande wa pili. Mpungate wa aina ya Opuntia stricta, uliopandwa Laikipia wakati wa ukoloni kuwa uzio, ulitoroka na kufunika malisho ya wafugaji. Mbuzi na kondoo wanaokula matunda yake huumia midomo, macho na matumbo kwa vijiwiba, na tembo na nyani hueneza mbegu kila wanakopita. Safari hii kochinila alikaribishwa kwa makusudi, baada ya kuchaguliwa aina inayokula mpungate huo tu, na aliachiwa katika miaka ya 2010, huku vikundi vya akina mama vikijifunza kuyageuza matunda kuwa jemu na juisi. Tanzania nayo haijasalimika, kwani mipungate imeorodheshwa miongoni mwa mimea vamizi katika mfumo-ikolojia wa Serengeti na Mara. Kwa hiyo mmea mmoja ni mkombozi Tigray na mvamizi Laikipia, na tofauti yake inatokana na aina iliyopandwa, mvua, wanyama waliopo, na zaidi ya yote kama kuna watu wanaolichuma tunda lake lote kabla nyani hajalifikia.

Wanaotaka kutengeneza juisi ya pungate au dragoni kwa ajili ya kuuza wanapaswa kufahamu jambo moja ambalo juisi ya ukwaju au pasheni haikuwafundisha. Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali. Ndimu iko karibu na 2, ilhali pungate liko juu ya 5, na vyakula vyenye pH inayozidi 4.6 vinaweza kustawisha vijidudu vya hatari ndani ya chupa iliyofungwa hata kama juisi ilichemshwa. Ukwaju hujilinda wenyewe, pungate halijilindi. Ndimu au limao linalotiwa kwenye juisi yake kwa hiyo si kiungo cha ladha tu, ni kinga, na kipimo cha pH ni cha lazima kabla ya chupa ya kwanza kufika dukani.

Yapo pia madai ya tiba. Dragoni husifiwa mtandaoni na mezani kwamba hutibu kisukari, shinikizo la damu na saratani, na bei yake hupandishwa kwa sifa hizo. Ni tunda zuri lenye nyuzinyuzi, maji na magnesiamu kiasi, na hilo linatosha; halijathibitika kutibu ugonjwa wowote kati ya hayo, na anayelinunua kwa ajili ya vitamini C pekee ameibiwa, kwa sababu pera moja la kawaida, linalouzwa kwa fungu pale pale Kariakoo, lina vitamini hiyo mara nyingi zaidi.

Biashara ya matunda katikati ya jiji ilihamahama baada ya moto kuunguza Soko Kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021, jengo lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lenye paa la zege mfano wa miavuli iliyopangwa; wafanyabiashara wengi walipelekwa Kisutu na kwingineko, na meza za barabarani zikaongezeka. Dragoni imeingia katika meza hizo na katika maduka makubwa kama tunda la zawadi na la wagonjwa. Pungate halimo, na sababu si ladha: ganda lake hupondeka kwenye tenga, halikai zaidi ya siku chache nje ya jokofu, na hakuna kuli atakayelibeba begani mara ya pili. Litafika sokoni siku litakapochumwa kwa koleo pamoja na kipande chembamba cha pingili ili kitako kisichanike, likasuguliwa vijiwiba shambani, na kupangwa kwenye trei kama mayai.

Mnunuzi wa dragoni na achague tunda zito lililojaa rangi pande zote, ambalo ncha za magamba yake zimeanza kukauka na ambalo hubonyea kidogo tu kwa kidole gumba. Magamba yaliyo kijani kibichi na ganda gumu kama mpira ni dalili ya tunda lililochumwa kwa haraka. Mwenye kupanda mpungate nyumbani naye, awe Kigamboni au juu ya ghorofa la Mtaa wa Sikukuu, atafute pingili isiyo na miiba kutoka kwenye mmea ambao ameyaonja matunda yake, na wakati wa kupunguza matawi asiyatupe jalalani, korongoni wala Msimbazi. Ayakatekate na kuyalisha mbuzi, au ayazike kwa kina, kwa kuwa pingili ya mpungate iliyotupwa hukaa miezi ikiwa hai, na ikigusa udongo huota.